Bonde Lisilo na Upepo

Du.

Domitille hakufumbua macho. Alingoja. Mwezi mmoja wa kuishi Ndosho, mtaa wa Goma, ulikuwa umemfundisha kusikiliza kwa mgongo. Mlima wa volkano ukinguruma, huanzia chini: kitanda ndicho kinachojua kwanza, kisha sufuria, kisha mtu. Bunduki kubwa huanzia juu, na vioo vya dirisha ndivyo hulia kabla ya kitu kingine chochote.

Du. Kioo kikalia, tiii.

"Bunduki," akasema Paulin kutoka chumba cha pili.

"Mulima," akabisha dada yake, Umugwaneza.

"Kitanda haikutikisika! Bunduki. Nimeshinda. Leo unabeba bidoni yangu ya maji."

"Leo hakuna mutu anabeba maji," ikaitika sauti nzito ya baba yao gizani. "Amkeni. Leo tunaenda vakansi."

Nyumba nzima ikalipuka kwa kelele, na kwa muda hakuna aliyesikia kama kulikuwa na du ya tatu. Hakuna ila Élodie. Domitille aligeuka akamtazama binti yake mdogo, mwenye miaka minne, aliyelala ubavuni mwake. Macho yalikuwa wazi. Viganja viwili vidogo vilikuwa vimeziba masikio, vimebana kama kifuniko cha chungu.

Hivyo ndivyo alivyolala tangu Bunagana, mji wao wa mpakani, ianguke. Waasi waliposhuka milimani asubuhi ile ya Juni, bomu moja lilianguka nyuma ya ukuta wao, na tangu siku hiyo Élodie hakulala usingizi wa mtoto. Alikuwa akisinzia, akishtuka, akisinzia tena, mikono masikioni. Alikonda. Alianza kuanguka mchana akiwa anacheza, kwa uchovu tu. Muuguzi mmoja alikuwa amewaambia maneno ambayo Domitille alishindwa kuyasahau: mtoto huyu hahitaji dawa, anahitaji kulala, na asipolala mtampoteza.

Ndiyo maana baba yao, Nzabonimpa, alikuwa ameamua. Kule Bunagana alikuwa mtu wa forodha, mtu wa kupitisha mizigo ya wafanyabiashara mpakani, anayeitwa kwa jina na madereva wa nchi tatu. Hapa Goma alikuwa mkimbizi mwenye gari aina ya Carina na suruali mbili. Lakini watoto aliwaahidi likizo ya ziwani tangu mwanzo wa mwaka wa shule, na rafiki yake Evariste alikuwa na kiwanja ufukweni, ng'ambo ya mji wa Sake, chenye nyumba ya mbao na mchanga mweusi mbele yake.

"Wiki moja," alimwambia mkewe. "Siku saba mutoto asisikie kitu. Umenisikia? Kimya tupu. Utaona atakavyolala."

Walipokuwa wakifunga magodoro juu ya gari, jirani yao, Mama Zihindula, alisimama mlangoni, kitenge kimefungwa kifuani, mswaki mdomoni.

"Munaenda upande wa ziwa? Basi munisikilize, nyiye watu wa milimani. Kule kuko mazuku."

"Mazuku tunaijua," alisema Nzabonimpa akivuta kamba.

"Munajua jina tu." Mama Zihindula alitema povu. "Pepo ile, hewa mbaya, haina harufu. Haina rangi. Inatoka chini ya mawe ya volkano, inajaa kwenye mashimo kama maji, na mutu haioni. Mbuzi inaingia kula majani, haitoki. Ndugu ya bwana yangu aliingia kumutoa mbuzi wake. Naye hakutoka."

Paulin aliacha kucheka.

"Usitishe watoto, mama," akasema Nzabonimpa.

"Sitishi. Ninasema: tafuta kibao. Kila shimo ya mazuku, watu wamesimamisha kibao cheupe na kichwa cha mufu, rangi nyekundu. Ukiona kibao, pita mbali. Usipoona kibao, lala salama."

Domitille aliyakariri maneno hayo moyoni kama mtu anayekariri namba ya nyumba. Yeye alikuwa Mushi, wa kabila la Bashi, mtoto wa upande wa Bukavu, aliyezaliwa akiliona ziwa hilohilo kutoka kusini, na kwao hakukuwa na pepo wa namna hiyo. Kibao cheupe. Kichwa chekundu.

*

Barabara ya kwenda Sake ilijaa watu wakitembea. Wengine walikuwa wamebeba magodoro vichwani, wengine walisukuma chukudu, baiskeli za mbao, zilizojaa sufuria, mikeka na kuku waliofungwa miguu. Carina ilipita katikati yao polepole, nayo magodoro juu, na kila baada ya hatua kumi kuna aliyeinama dirishani kuuliza.

"Papa, munakimbia nini? Wamefika wapi?"

"Hatukimbii," alijibu Nzabonimpa. "Tunaenda vakansi."

Mwanamke mmoja mwenye beseni kichwani alisimama akacheka mpaka beseni likatikisika. "Vakansi! Eh, Yesu! Mutuwekee nafasi basi, na siye tuko nyuma!"

"Waambie hotelini wapike bugali nyingi!" akadakia kijana wa chukudu.

Watoto walicheka kwenye kiti cha nyuma, na Nzabonimpa alicheka pia, lakini Domitille aliona shingo yake imekuwa ngumu. Mumewe alikuwa mtu wa kujivuna, na si kwa ubaya. Alipenda kuonekana anajua anakokwenda. Kufananishwa na wanaokimbia kulimchoma kuliko kukimbia kwenyewe.

Walipita Sake saa nne. Barabara ikageuka kusini, ziwa likajitokeza kushoto, pana, tulivu, rangi ya bati jipya. Mawe meusi ya volkano za zamani yalishuka mpaka majini. Umugwaneza alikuwa ameanza kuimba wimbo wa shule waliposimamishwa na kamba iliyofungwa kutoka mti mmoja mpaka mwingine.

Barieri. Vijana sita wenye bunduki, bila alama yoyote mabegani. Haikujulikana ni wa nani, na siku hizo hakuna mtu mwenye akili aliyeuliza. Mmoja wao, mwenye kofia ya sufu ya pinki, alizunguka gari mara mbili.

"Muzee, unapeleka magodoro wapi?"

"Vakansi, shefu."

Kofia ya pinki aliwageukia wenzake. "Mumesikia? Muzee anaenda vakansi!" Wakacheka. "Toka nje, muzee. Utuchezee kidogo, kama mutu wa vakansi."

Nzabonimpa alitoka. Walimwambia acheze. Aliwatazama wanawe kupitia kioo. Kisha akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akazunguka. Vijana wakapiga makofi. Paulin aliinamisha kichwa akaanza kufungua na kufunga kamba za viatu vyake.

Domitille naye aliyakimbiza macho, yasimwone mumewe. Yakatua kwenye moto wa vijana wale kando ya barabara. Birika la chai lilikuwa likichemka juu ya mawe matatu, na chini yake ziliwaka kuni za ajabu: mbao zilizopigwa randa, nyeupe. Rangi ilikuwa ikitoa mapovu kwa joto. Kipande kimoja kilichotokeza nje ya moto kilikuwa na mchoro mwekundu, mistari mifupi iliyosimama sambamba. Kama meno.

"Unaangalia nini, mama?" Kijana aliyekaa kando ya birika alikuwa akimtazama. "Unataka chai?"

"Hapana, mwanangu. Asante."

"Kuni za hapa zote mbichi," akasema kijana, kama anayeomba radhi. "Lakini vibao vya huko chini vinawaka vizuri. Mafuta ya rangi."

Nzabonimpa alirudi kwenye gari akihema, jasho usoni. Walimwachia baada ya kuchukua godoro moja na mkungu wa ndizi. Kamba ikashushwa. Gari likaondoka.

Meno, aliwaza Domitille, bila kuelewa vizuri ni ya nini. Alifungua mdomo. Lakini aliutazama mkono wa mumewe juu ya usukani, na alijua kwamba neno lolote atakalolisema kuhusu mahali pale, hata liwe la kuni tu, mumewe atalisikia kama neno la ile ngoma. Akafunga mdomo. Atasema jioni, baada ya kula, moyo wake ukishatulia.

*

Nyumba ya Evariste haikuwa na paa.

Kuta za mbao zilisimama, mlango ulikuwepo, hata kufuli, lakini mabati yote yalikuwa yameondoka na misumari yake. Zamu wa pale, mlinzi aitwaye Hilaire, hakuonekana. Mwanamke aliyekuwa akipita njiani na kapu la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, alisema Hilaire amekwenda kuzika mtu huko Minova tangu Jumatatu, na hata kama angerudi, angekuwa amelewa.

"Tugeuze," akasema Domitille.

"Tupite tena pale barieri leo?" Nzabonimpa alimtazama mara moja tu. "Hatugeuzi. Tuko na shitingi, tuko na kamba. Mimi nililala nje miaka kumi na mbili, nikichunga ng'ombe za baba yangu. Leo nitashindwa kulaza watoto watatu?"

Na kusema kweli, mchana ule ulikuwa mzuri. Mchanga mweusi ulikuwa wa moto chini ya nyayo. Paulin alijifunza kuelea akishikwa tumbo na dada yake, akanywa maji nusu ya ziwa, akadai ameona samaki mwenye sharubu. Nzabonimpa alimbeba Élodie mabegani akaingia naye mpaka kifuani, na mtoto alicheka. Kicheko kidogo, kikavu, kama mlango usiofunguliwa muda mrefu. Domitille alikuwa akipara sambaza kwenye jiwe. Aliacha kisu hewani, asije akakikatiza kicheko kile.

Saa tisa upepo ukaanza. Ulitoka ziwani kwa nguvu, ukarusha mchanga kwenye chakula, ukaing'oa shitingi yao ya turubai mara tatu, na kila ilipopigwa na upepo shitingi ile ilitoa mlio mkubwa: *pa!* Na kila *pa* ilipolia, mikono ya Élodie iliruka masikioni.

Nzabonimpa aliona. Aliondoka bila kusema, akapanda nyuma ya nyumba, akapotea kati ya mawe meusi. Aliporudi uso wake uling'aa kwa mara ya kwanza tangu kwenye kamba ya barieri.

"Nimepata! Njooni muone kama baba yenu ni mutu wa mujini tu."

Hatua mia moja kutoka kwenye nyumba palikuwa na bonde dogo, la mviringo kama bakuli, kina chake kama kimo cha watu wawili. Kuta zake zilikuwa za mawe ya volkano, na chini palikuwa na majani mabichi, marefu, laini. Huko juu upepo ulivuma, ukavuta nguo zao. Walipoteremka hatua chache tu, ukakoma. Unywele haukutikisika.

"Kwetu mulimani," akasema Nzabonimpa, sauti imejaa, "muchungaji mujinga analala juu kwenye baridi. Mwenye akili anatafuta bonde. Ng'ombe mwenyewe anajua. Ukitaka kumulaza ndama, mupeleke chini, kwenye hakuna upepo. Nani alikuwa anasema tugeuze?"

"Papa, kuko mifupa," akasema Paulin.

Ilikuwa kweli. Kati ya majani palikuwa na mifupa ya mnyama mdogo, mbuzi au mbwa, imekauka, imekaa pamoja bila kutawanywa.

"Mbwa walikula wakaacha. Itupe."

"Na kuko kimya sana," akasema Umugwaneza. Alikuwa amesimama juu ukingoni, hakuteremka. "Papa, hata panzi hakuna. Majani yote haya, na hakuna panzi."

"Kimya ndicho tumekuja kutafuta! Ama unataka nikuletee bendi?"

Domitille alizunguka ukingo wote wa bonde kwa macho. Alitafuta kibao cheupe. Hapakuwa na kibao. Upande mmoja tu, palipokuwa na njia ya kuteremkia, aliona tundu ardhini, la duara, jembamba, lenye udongo mpya pembeni, kama mahali palipong'olewa nguzo ya ua. Alilitazama. Usipoona kibao, lala salama. Akateremka.

*

Jua lilikuwa linakaribia milima ya magharibi walipomaliza kutandika. Upepo wa ziwani ulianza kuchoka. Nzabonimpa alikuwa juu na watoto wakubwa, wakikata fito za kushikia shitingi. Domitille alimlaza Élodie juu ya godoro katikati ya bonde, akakaa kando yake kumbembeleza kama kila siku, akijua itachukua saa mbili au tatu.

Haikuchukua hata dakika kumi.

Mikono ya mtoto ililegea. Kiganja kimoja kikaanguka kutoka sikioni, kisha cha pili. Midomo ikafunguka kidogo. Élodie alilala, uso umegeuzwa pembeni, kama alivyolala alipokuwa mchanga, na Domitille akainamisha kichwa akalia bila sauti. Mwezi mzima. Mwezi mzima na zaidi alikuwa ameomba aone hivi tu: masikio ya mwanawe yakiwa wazi.

Kichwa kilikuwa kikimuuma kidogo. Jua la mchana, aliwaza. Aliinuka, akapanda juu kuwasha mbabula, jiko lao la makaa.

"Amelala," akamnong'oneza mumewe.

"Amelala?"

"Kama jiwe."

Nzabonimpa alishika bega la mkewe, akageukia ziwa. "Nilikuambia."

Mbabula iliwaka vizuri pale juu. Makaa yalikuwa mekundu, na moto wa vijiti ulicheza juu yake. Domitille aliishika kwa vitambaa akaanza kuteremka nayo bondeni, ili apike karibu na mtoto. Alipofika chini akaiweka kwenye majani. Moto wa vijiti uliinama, ukawa bluu, ukatoweka. Makaa yakafunikwa na weusi kama macho yanayofumbwa.

Alipuliza. Hakuna kitu. Alipuliza tena, kizunguzungu kikamshika, akaegemea jiwe. Akaibeba mbabula mpaka juu ukingoni, na pale, kabla hata hajapuliza, makaa yakaanza kuwa mekundu yenyewe.

"Papa Umugwaneza, hii moto inakataa kule chini."

"Makala mabichi."

"Si mabichi. Angalia, hapa inawaka."

"Basi unaishika vibaya. Nyiye Bashi, munajua kula tu, moto inawashwa na wengine." Alikuwa akimtania, kwa furaha. Paulin akacheka. "Leta, nikuonyeshe."

Domitille hakumpa. Alitoa kiberiti mfukoni. Aliteremka hatua nne, akawasha njiti, akaishika mbele ya uso wake. Iliwaka. Akaishusha mpaka kiunoni. Iliwaka. Akaishusha mpaka gotini, na njiti ikazimika ghafla, kama imechovywa kwenye maji. Moshi wake mwembamba haukupanda. Ulilala ubavu, ukatandaa juu ya kitu kisichoonekana, ukaelea pale.

Inajaa kwenye mashimo kama maji.

Vibao vya huko chini vinawaka vizuri.

Meno mekundu. Tundu la duara lenye udongo mpya.

Domitille alipiga ukelele. Haukuwa na maneno. Ulitoka tumboni, ukapita ziwani, na baadaye Umugwaneza alisema alidhani mama yake ameumwa na kitu. Maneno yalimfikia Nzabonimpa mwishoni: "Mazuku! Mtoto yuko chini! Mazuku!"

Nzabonimpa alipita mbele yake kama ng'ombe aliyekata kamba. "Usipumue!" Domitille alimlilia. "Usiiname kupumua!" Aliona mgongo wake ukifika chini, ukiinama, mikono ikiingia chini ya mtoto. Aliona akimwinua. Kichwa cha Élodie kilianguka nyuma. Nzabonimpa akapiga hatua moja, mbili, kisha goti lake likakunjika, akakaa majanini mtoto mapajani, akiwatazama kwa mshangao, kama mtu aliyesahau jambo alilotaka kusema.

"Muinue juu!" akapiga kelele Umugwaneza. "Papa, muinue juu ya kichwa!"

Haijulikani kama alisikia maneno au sauti tu. Lakini mikono yake ikapanda, ikamwinua mtoto juu ya kichwa chake, na hapo ndipo Umugwaneza alipotupa ile kamba ya magodoro. Haikumfikia. Domitille alivuta pumzi moja kubwa, akateremka, akaiokota ncha yake, akamchukua mtoto mikononi mwa mumewe, akamfungia mumewe kamba kwapani kwa fundo la kwanza lililokuja, akapanda. Kifua kilikuwa kinapasuka. Hakupumua. Alipanda kwa magoti, mtoto begani, mpaka upepo ulipompiga usoni.

Alimlaza Élodie juu ya jiwe. Midomo ilikuwa rangi ya kijivu. Akampuliza mdomoni kama alivyopuliza makaa, akampiga mgongoni, akampuliza tena. Nyuma yake Umugwaneza na Paulin walivuta kamba wakilia, na mzigo ule mzito ulikwaruza mawe, ukapanda kidogo kidogo.

"Élodie. Amka. Amka, mama. Mimi nilikuombea ulale, sasa nasema amka!"

Mtoto alikohoa.

Alikohoa, akatapika, akavuta pumzi kwa mlio wa kutisha, kisha akalia kwa sauti kubwa, mbaya, ya hasira, na hakuna wimbo uliowahi kumwingia Domitille moyoni kama kilio kile. Nzabonimpa alilala kando yao kifudifudi, kamba kwapani, akihema kama samaki. Alipoweza kusema, alisema neno moja tu, kwa lugha ya mama yake, na Paulin akamuuliza dada yake maana yake. Umugwaneza akaanza kumfungua baba yake kamba.

*

Usiku ule walikaa juu ya mwamba, kando ya gari, upepo ukiwapiga. Élodie alibanwa katikati yao, mikono masikioni, macho wazi, na safari hii mama yake alishukuru kuyaona.

"Niliviona vibao," akasema Domitille. "Barieri. Walikuwa wanachemsha chai navyo. Niliona meno ya kile kichwa, na nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umetoka kucheza."

Nzabonimpa alifunika uso. "Na mimi nikamulaza mutoto wangu kama ndama," akasema.

Kulipopambazuka, aliung'oa mlango wa nyumba ya Evariste na kuulaza juu ya mawe. Kwa makaa ya mbabula akaandika MAZUKU, herufi kubwa kama mtu, akachora kichwa. Paulin alisema kinafanana na boga. Wakausimamisha mlango kwenye njia ya kuteremkia bondeni, wakaubana kwa mawe meusi.

Du.

Wote watano waligeuka. Haikutoka mbali milimani, ilikotoka siku zote. Ilitoka upande wa Sake, nyuma yao, kwenye njia waliyojia. Chini ya miguu yao mwamba haukutikisika hata kidogo.

Halafu wakawaona. Walikuwa wakishuka kutoka barabarani, mstari mrefu, magodoro vichwani, mbuzi mbele, watoto wamefungwa migongoni. Mbele yao alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo ya kuchungia na koti la mvua. Alisalimia kwa Kinyarwanda, akasema anaitwa Twagirimana, wametoka juu ya Sake na familia kumi na moja, nyuma wanakuja wengine, barabara imefungwa pande zote mbili. Alipokuwa akisema macho yake hayakutulia. Yalipita juu ya mwamba, yakapita nyumba isiyo na paa, yakafika kwenye ukingo wa bonde, na Domitille aliona uso wake ukilegea, uking'aa, kama ulivyong'aa uso wa mtu mwingine jana saa tisa.

"Pale chini pako pazuri," akasema mzee. "Hakuna upepo. Watoto watalala."

"Muzee, pale kuna mazuku," akasema Nzabonimpa. "Nimeandika."

"Mimi sikusoma, mwanangu. Na hawa wengi hawakusoma." Mzee aliutazama mlango kwa muda, kama anayepima mbao. "Nao wenye bunduki wako nyuma yetu. Wanapenda mbao. Huu mlango wako utakaa siku ngapi? Mbili? Na nyinyi, munaondoka lini?"

Mbuzi wa kwanza alikuwa tayari ameupita mlango, pua imenyooshwa kwenye harufu ya majani mabichi. Nyuma yake mtoto wa mtu, wa umri wa Élodie, alikuwa akimkimbilia kwa miguu mitupu.

Domitille aliruka akamdaka kwa mkono, akapiga kelele, na watu wote katika mstari ule wakasimama. Mbuzi aliteremka peke yake. Walimtazama akila majani, akipiga magoti, akilala ubavu. Hakulia. Du iliyofuata ikasikika waziwazi, karibu zaidi.

Mtoto alianza kulia mkononi mwake. Domitille alimshika kwa nguvu zaidi, akamgeukia mzee.

"Muzee," akasema, kwa sauti ya kumfikia hata wa mwisho kule barabarani, "sisi tulikuja kwa wiki moja, na hatuna pengine pa kwenda. Mlango, wenye bunduki wauchome wakitaka. Mimi nitakaa hapa kwenye njia, mchana na usiku, na kila mtoto wenu atakayekaribia nitapiga kelele mpaka munichoke, mpaka munichukie. Nilinyamaza mara moja. Nakuapia mbele ya huyu mtoto wangu: sitanyamaza tena."